Turubai Juu ya Gari Jekundu

Wenzangu wa gereji, siku mliyoniaga mlinipikia pilau, mkaninunulia kiti cha kuegemea, na Kulwa akasimama kutoa hotuba. Hotuba yenyewe ilikuwa na sentensi tatu, na ya tatu ilikuwa swali.

"Fundi Idrisa, umewafungia watu springi tangu sisi tukiwa watoto. Hebu tuambie kabla hujaondoka. Mtu awe na gari moja la kila kitu, au awe na mawili, la kazi na la raha?"

Mlicheka wote, maana mnajua kwangu kuna mawili. Kuna pikapu ya kijivu ambayo imebeba tofali, mbuzi na hata jeneza. Na kuna lile jekundu la milango miwili, fupi kama meza ya kahawa, ambalo tangu liwe langu hakuna hata mmoja wenu aliyeliona likitembea. Nami nilicheka, nikaomba niongezewe kachumbari.

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Sasa nalazimika kuwa nalo. Jumamosi anakuja mtu kutoka Nzega anayelitaka lile jekundu, na Kulwa mwenyewe anaitaka pikapu kwa kazi za gereji. Moja liende, moja libaki. Mgongo wangu hauwezi tena kuhudumia magari mawili, na mke wangu Mwajuma ameshalipima banda la magari kwa hatua zake. Nusu yake anaitaka iwe ya kuku. Leo ni Jumapili. Naanza kuandika nikiwa sijaamua.

Wengine wamechekeshwa na mtu kustaafu akiwa na miaka arobaini na minane. Hakuna aliyenistaafisha ila pingili mbili za chini za uti wa mgongo. Daktari alizionyesha kwenye picha kwa ncha ya kalamu, kama mimi ninavyomwonyesha mteja bushi iliyokwisha. Nikamuuliza kama vipuri vyake vinapatikana. Hakucheka.

Sitaandika nani alikuwa mkubwa wa nani. Gereji yetu haikuwa na vyeo. Kulikuwa na wanaolala chini ya gari na wanaosimama pembeni kuuliza litakwisha lini.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu, fundi cherehani wa sokoni hapa Tabora, alinipeleka kwa Fundi Masanja, Mnyamwezi wa upande wa Sikonge, Mmoraviani aliyeimba nyimbo za kanisani akiwa chini ya magari. Gari likiwa na tatizo dogo alifika ubeti wa pili. Likiwa na tatizo kubwa alinyamaza kabisa, na hapo mwenye gari alianza kuogopa. Alikuwa mfupi, vidole vinene, na salamu ndefu hakuzipenda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umewahi kufika Itetemia?"

"Ndiyo, mara nyingi."

"Ulikwenda na nini?"

"Na baiskeli."

"Basi hujafika. Nenda kwa miguu."

Akanipa kipande cha mwanzi alichokitia alama kwa kisu, na daftari. Kila shimo nitakalolikuta nilitumbukize mwanzi, niandike kina chake na upande uliopo. Nilirudi alasiri nikiwa na kurasa nne na malengelenge mawili. Alizisoma kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Fundi wa springi asiyeijua barabara," akasema, "ni mshona viatu asiyewahi kuona mguu. Kesho nenda tena."

"Mashimo si yaleyale, fundi?"

"Ya jana si ya leo."

Nilikwenda wiki nzima. Nilidhani ananidhihaki, na siku ya nne nilifikiri kurudi kwa baba nikajifunze kushona makoti. Mwisho wa wiki alinipa kifaa changu cha kwanza. Hakikuwa spana wala jeki. Kilikuwa uzi mnene wa kushonea viatu, umefungwa nati kubwa upande mmoja. Unauning'iniza kwenye ukingo wa bodi, juu ya tairi, unasubiri nati itulie, kisha unaangalia. Tairi likisimama wima, uzi na tairi vinakwenda pamoja. Likiinama, unaona pengo. Siku hizi kuna mashine za mwanga na kompyuta, nami sizipingi. Lakini mashine huhitaji umeme, na umeme wa Tabora mnaujua tabia yake.

Masanja alipenda kusema juu ya wapagazi. Mababu zetu walibeba meno ya tembo kutoka huku hadi pwani, kwa njia ileile ambayo leo inapita nyuma ya kituo cha mafuta. "Mpagazi," alisema, "hakuwa na bega la kazi na bega la sherehe. Alikuwa na mabega mawili na mzigo mmoja. Likichoka hili, anahamishia lile. Akirudi kwao na shuka mpya, anaivaa juu ya mabega yaleyale." Wakati ule niliyachukulia kama maneno ya mtu anayesubiri chai.

Miguu yangu haikutulia. Baada ya miaka mitano nilimuaga nikaenda Nzega, kwenye malori ya pamba. Huko nilijifunza kwamba springi ya lori haivunjiki siku iliyozidishiwa mzigo; huvunjika baadaye, siku ambayo lori ni tupu na dereva anapiga mluzi. Nikaenda Kigoma, nikakaa mwaka mmoja nikifunga magari yaliyoliwa na kutu ya ziwani. Nikarudi nusu ya njia, nikaweka kambi Kaliua, reli inapogawanyika. Vipuri vyetu vilikuja kwa treni. Safari moja nilisubiri majani ya springi, vile vibamba vya chuma, kwa siku tatu, nikiwa na mteja aliyekuwa akinisalimia kwa ukali zaidi kila asubuhi. Treni ikafika. Kifurushi changu nikakiona kwa macho kwenye behewa, jina langu limeandikwa kwa wino mwekundu. Kisha behewa likaunganishwa na treni ya Mpanda, likaondoka. Nilikipungia mkono.

Nikisikia honi ya treni mpaka leo, kitu kifuani mwangu kinafunga mizigo. Mwajuma anajua. Huniambia, "Kunywa maji, itapita."

Kilichonirudisha Tabora ni salamu kutoka kwa Masanja. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nati aliiona, uzi hakuuona. Alihitaji mtu wa kumsomea. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na ndio mwaka alipokuja Bi Salma.

Bi Salma alikuwa mfanyabiashara wa asali. Alinunua kwa warina asali wa misituni, akaipakia kwenye ndoo, akaisafirisha. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tano hivi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara hata akinong'ona. Siku ile tulimsikia kabla ya kumwona, lakini si kwa sauti yake. Tulisikia tumbo la gari likikwaruza kwenye tuta la lango letu, krrrr, mpaka meno yakatuuma. Kisha likaingia lile jekundu. Lilikuwa limetoka ng'ambo kwa meli na kupanda kutoka Dar juu ya lori. Mbele lilikuwa na viti viwili, nyuma kulikuwa na nafasi ya kikapu na majuto. Injini yake ikiwa imetulia ilinguruma kwa chini, kama mtu anayejizuia kusema. Kazi yote ilisimama. Hata Masanja, ambaye hakuliona vizuri, aliinua uso.

"Idrisa, nasikia wewe ndiye fundi wa springi."

"Shikamoo, Bi Salma. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Liinue."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kufika kwenye mizinga na kurudi na ndoo sita."

Masanja alikuwa ameketi juu ya tairi akitafuna michembe, vile viazi vikavu alivyoletewa kutoka kwao. Akasema, "Mama, nunua pikapu ya asali. Hili liache liwe la Jumapili."

"Fundi Masanja, unamkumbuka marehemu mume wangu?"

"Namkumbuka sana."

"Alikuwa na magari mangapi?"

"Mawili."

"La pili uliwahi kuliona barabarani?"

Masanja aliacha kutafuna.

"Miaka tisa alilifunika turubai," Bi Salma akasema. "Kila Ijumaa analifunua, analifuta vumbi, analifunika. Ananiambia, Salma, tukimaliza nyumba tutakwenda nalo Kigoma ukaone ziwa. Nyumba ikaisha. Tukimaliza harusi ya binti. Harusi ikaisha. Mwisho akaisha yeye. Sitaki gari linalosubiri, fundi. Nataka moja, nilipande Jumatatu kwenda porini na Jumapili kwenda ninakotaka."

Sasa ninyi mnajua desturi yetu. Hapa kwetu gari likigusa chini, tunaliinua. Hatuulizi limetengenezwa kwa kazi gani. Tunakata spesa za chuma, tunaziweka juu ya shokapu, tunatafuta springi ndefu za gari jingine, kazi imekwisha. Mteja anaondoka akiwa amekaa juu kama kadhi. Mara elfu inafaa, maana gari lenyewe ni la kwenda sokoni. Lakini hili lilitengenezwa kukaa chini. Uzito wake wote ulipangwa uwe karibu na ardhi, na ndiyo maana lilikata kona kama maji. Ukiliinua, uzito unapanda nalo. Nilijua hivyo. Niliweka springi za basi dogo na spesa nne nilizozikata mwenyewe.

Nilipomaliza, Masanja aliniambia niuning'inize uzi.

"Nati inasemaje?"

"Kuna pengo kidogo. Itakuwa sawa likishazoea."

"Nati haina maneno 'itakuwa sawa', Idrisa."

Akaukunja uzi akanirudishia. Kisha akaenda zake, wala hakuimba.

Kwa miezi miwili ilikuwa furaha tupu. Bi Salma alipita mbele ya gereji akipiga honi, ndoo za asali zimejaa nyuma, kitambaa chake kinapepea dirishani. Alifika vijiji ambavyo hata pikapu zilivinung'unikia. Jumapili alitoweka kuelekea Nzega na kurudi adhuhuri akinuka mahindi ya kuchoma. Watu walikuja gerejini kuuliza kama na wao wanaweza kufanyiwa vile. Nilijiona nimepata dawa ambayo mafundi wa dunia nzima wameitafuta: gari la mbio lenye miguu ya ng'ombe.

Kisha siku moja, akirudi kwenye barabara ya Nzega na ndoo zake, aliingia kona ya kushoto kwa mwendo wake wa kawaida, yaani mkubwa. Gari likainama kama mtu aliyebeba ndoo kwa bega moja. Halikurudi. Liliacha lami, likapita juu ya mfereji, likaingia shambani kwa mtu, likasimama katikati ya mahindi. Bi Salma alivunjika mkono. Ndoo zilipasuka zote.

Gari lilivutwa mpaka kwetu likidondosha asali njia nzima. Kesho yake nyuki walifika. Mliokuja baadaye mmesikia hadithi ya nyuki mkadhani ni utani wa wazee. Walikuwa maelfu. Walikaa kwenye viti, kwenye usukani, ndani ya matundu ya redio. Tulifanya kazi tukiwa tumejifunga magunia yenye maji, tukichoma samadi kwenye kopo. Wateja walisimama ng'ambo ya barabara na kutupigia kelele matatizo ya magari yao. Masanja peke yake ndiye aliyetembea kati yao bila haraka. "Hawa ndio wenye mali," alisema. "Wamekuja kuichukua. Sisi tuna haki gani ya kuwafukuza?"

Walipomaliza asali wakaondoka. Siku hiyohiyo akaja Bi Salma, mkono umefungwa plasta. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu wiki iliyopita. Hakuniacha nianze.

"Uliliinua, Idrisa," akasema. "Kwa nini hukuniambia kwamba ukiinua kitu, kuna kingine kinashuka?"

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Ulijua?"

"Nilijua, Bi Salma. Nilitaka liwezekane."

Aliliangalia gari. Boneti ilikuwa imekunjamana, na kwenye kioo kulikuwa bado na nyuki mmoja amenata.

"Hata mimi nilitaka," akasema. Kisha, kwa sauti yake ya kawaida, "Mkono wangu utapona. Ila ungekuwa mkono wa mtu mwingine njiani, mimi na wewe tungezungumza wapi leo?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo. Kila niliposhika spesa baada ya hapo, nililisikia. Ndiyo maana wengi wenu mlinikuta nikikataa kuinua magari ambayo mafundi wengine waliyainua kwa furaha, mkaniita mwoga. Nilikuwa nimeshapoteza ushujaa kwenye shamba la mahindi.

Tuling'oa kila nilichokiweka. Springi zake za asili nilikuwa nimezihifadhi, namshukuru Mungu, zimefungwa kwenye gunia. Tulisubiri boneti miezi. Masanja alishika uzi kwa mikono yake, mimi nikawa macho yake, na tulirudia mpaka pengo likaisha kwenye tairi zote nne. Hiyo ndiyo siku pekee nilipomsikia akiimba wimbo mzima, mpaka ubeti wa mwisho.

Jumapili ya kwanza baada ya plasta kutolewa, Bi Salma alinipigia honi nyumbani asubuhi. "Panda. Ukiogopa, ni haki yako."

Nimepanda treni, malori, mashua na farasi wa chuma wa kila aina. Sijawahi kwenda vile. Aliacha mji polepole, akivuka kila tuta kwa pembe, tairi moja baada ya jingine, kama anayevuka mto juu ya mawe. Kisha lami ikafunguka, naye akakanyaga. Nilisikia mgongo wangu, ambao wakati ule ulikuwa mzima, ukizama kwenye kiti. Miti ya miombo ikawa ukuta mmoja wa kijani. Kwenye ile kona alipunguza kidogo tu, gari likaizunguka likiwa limelala chini, kimya, kama halina habari ya kilichowahi kutokea. Nikamgeukia Bi Salma. Nilimwona machozi yakimtoka yakielekea masikioni kwa upepo, na alikuwa anacheka. Njia panda ya Nzega tulinunua mahindi, tukala tumesimama, tukageuza.

Nimeishi nikiitamani asubuhi ile. Sisemi gari, nasema asubuhi.

Baada ya hapo alinunua pikapu, hii hii ya kijivu. Ikawa kama alivyosema Masanja: la asali na la Jumapili. Sote tuliona busara imeshinda. Lakini Jumapili nazo zina mambo yao. Msimu wa asali haujui Jumapili. Kuna msiba, kuna harusi, kuna mgeni. Jekundu likakosa Jumapili moja, likakosa mwezi. Siku niliyokwenda kubadilisha betri yake kwa mara ya tatu nilikuta limefunikwa turubai.

"Ni turubai lilelile la mume wangu," Bi Salma akasema. "Usiseme kitu."

Nikalifunua, nikafunga betri.

Masanja alifariki mwaka uliofuata, tukamzika kwao. Na Bi Salma, alipochoka kuzunguka misituni, binti yake aliyeolewa Kigoma akamwita akaishi naye. Magari yote mawili akaniachia mimi, tukaelewana nimlipe taratibu. Pikapu alinikabidhi ufunguo tu. Jekundu alilizunguka kwanza, akaligonga mgongoni kwa kiganja.

"Hili lina sharti moja. Usilifunike."

"Sitalifunika."

"Sema Wallahi."

"Wallahi, Bi Salma."

Mwezi mmoja baadaye mvua zilianza, na mpira wa dirisha ulikuwa unavujisha. Nikalifunika wiki moja, mpaka nipate mpira mpya. Mpira niliupata. Wiki hiyo ina miaka tisa sasa.

Sikulitupa. Kila mwisho wa mwezi nililifunua, nikaliwasha, nikalisikiliza, nikalizima, nikalifunika. Kila sikukuu Bi Salma hunipigia simu. "Gari linaendeleaje?" Namjibu, "Zima kabisa." Hapo sisemi uongo. Swali la pili hajawahi kuuliza, na kila mwaka nashukuru, na kila mwaka naona aibu.

Hapo ndipo nilipokuwa Jumapili nilipoanza kuandika. Jana, Jumatatu, Mwajuma alikuja kusimama nyuma yangu.

"Siku mbili unaandika nini?"

"Naamua."

"Kwa kalamu?"

"Akili inasema niuze jekundu. Mgongo mbovu, barabara mbovu, gari liko chini. Pikapu inabeba kila kitu."

"Basi uza."

"Unalichukia?"

"Mimi sina ugomvi na gari, Idrisa. Nina ugomvi na turubai. Wageni wakija wanaliangalia, wanaona haya kuuliza kama tumeficha maiti." Akachukua kikombe changu cha chai. "Kesho unga unaisha. Kuna gunia nusu la mahindi la kupeleka mashineni. Andika na hilo."

Niliandika na hilo. Na leo asubuhi, Jumanne, baada ya swala ya alfajiri, nilikata mwanzi, nikautia alama kwa kisu. Mnajua kwangu ni Itetemia, na mashine ya kusaga iko kule mbele, upande wa mjini. Ni ile barabara ya daftari langu la kwanza. Nikaitembea yote kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, nikitumbukiza mwanzi kwenye kila shimo. Akina mama waliokuwa wakienda bombani walinisalimia kwa upole ule wanaowasalimia nao wagonjwa. Mashimo mengi sikuyajua. Mawili yalikuwa yaleyale, nayo nilifurahi kuyaona.

Nikarudi, nikavuta turubai. Mjusi mmoja alitoka akiwa amekasirika. Tulilaza gunia nyuma, pale pa kikapu na majuto, Mwajuma akakaa mbele ameshika mkoba, nasi tukaondoka.

Nilikwenda polepole kuliko mtu anayesindikiza jeneza. Kila tuta kwa pembe, tairi moja baada ya jingine. Kwenye korongo karibu na shamba la minazi mitatu Mwajuma alishuka kupunguza uzito, akatembea pembeni, na akatupita. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo kutuchungulia.

"Mzee, gari la mbio linapitwa na mama!"

"Lina mbio zake za Jumapili," Mwajuma akamjibu bila kugeuka. "Wewe pita, usije ukachelewa kuanguka."

Halikugusa chini hata mara moja. Mgongo uliuma. Hata kwenye pikapu huuma, na kwenye pikapu huwa sifurahi.

Kulwa, jibu langu si la kila mtu. Mwenye mizinga porini anunue pikapu, na asikubali fundi amdanganye kama mimi nilivyomdanganya Bi Salma. Lakini mtu mwenye gari moja moyoni asiliwekee jingine mbele yake ili lisichafuke. Na asiliinue. Apunguze mwendo, aijue barabara. Njoo uchukue pikapu. Uzi na nati nimevifunga kwenye ufunguo wake. Mtu wa Nzega nimeshampigia, amenuna, atapona.

Simu nyingine niliipiga nikiwa palepale mashineni, mlio wa injini ya kusaga ukinilazimisha kupaza sauti.

"Shikamoo, Bi Salma!"

"Marahaba, Idrisa! Kuna nini, leo si sikukuu. Hizo kelele za nini?"

"Mashine ya unga. Nimekuja na jekundu. Limebeba mahindi."

Nilidhani simu imekatika. Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu naye, kwa ile sauti yake ya kusikika ng'ambo: "Liko mashineni. Siku ya Jumanne!" Akarudi kwenye simu, akakohoa kidogo.

"Na huku mtakuja nalo lini, nikawaonyeshe ziwa?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza. Nilisikia neno "tukimaliza" likipanda kooni, tukimaliza banda, tukimaliza mavuno, na nililimeza. Nikamtazama Mwajuma. Alikuwa anafunga gunia la unga, uso wote mweupe, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Mwambie Alhamisi," akasema. "Kuku watasubiri."

"Alhamisi, Bi Salma," nikasema.